Hukumu Kabla ya Ushahidi: Funzo la Kesi ya Duke

Machi 2006, mwanamke aliyekodiwa kucheza dansi kwenye sherehe mjini Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, alidai kubakwa na wanaume watatu bafuni. Wenye sherehe walikuwa wachezaji wa Chuo Kikuu cha Duke wa lacrosse, mchezo wa mpira unaorushwa kwa fimbo zenye wavu. Aprili wawili walikamatwa. Mei akafuata wa tatu. Aprili 11, 2007, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Roy Cooper, alifuta mashtaka yote na kutamka kuwa vijana hao hawana hatia. Kesi inapofutwa, kwa kawaida huelezwa tu kwamba ushahidi hautoshi. Cooper alikwenda mbali zaidi kwa sababu alichokikuta kwenye jalada kilimlazimu.

Kesi isiyo na ushahidi ilifikaje huko? Taratibu za kuzuia kosa la namna hiyo zilikuwepo. Waliozivunja ndio waliokabidhiwa kuzilinda.

Tuanze na utambuzi. Kwetu Afrika Mashariki, gwaride la utambulisho lina kanuni iliyowekwa na mahakama ya rufani tangu 1936: mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura. Shahidi asiye na hakika atamgusa mtu asiyehusika, na kosa lake litaonekana. Utaratibu wa polisi wa Durham nao ulitaka picha za watu wasiohusika zichanganywe. Lakini Aprili 4, 2006, mlalamikaji alionyeshwa picha za wachezaji wa timu hiyo peke yao, tena akaambiwa ni watu wanaoaminika kuwa walihudhuria sherehe. Hapo hapakuwa na namna ya kukosea: yeyote ambaye angemchagua angekuwa mshtakiwa. Kuhusu mmoja alisema angekuwa na hakika kwa asilimia 90 kama angekuwa na masharubu. Kijana huyo alieleza kuwa hajawahi kuyafuga. Mwingine alikuwa na uthibitisho wa kuwa mahali pengine: alinaswa na kamera ya mashine ya kutolea pesa saa 6:24 usiku, na kadi yake ikafungua mlango wa bweni saa 6:46. Wakili wake alipotaka kumwonyesha mwendesha mashtaka wa wilaya, Mike Nifong, uthibitisho huo, alikataliwa.

Kosa zito zaidi lilihusu vinasaba. Wachezaji 46 walitoa sampuli. Maabara binafsi ilikuta vinasaba vya wanaume kadhaa kwenye sampuli za mlalamikaji, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mchezaji wa Duke. Matokeo hayo hayakuandikwa kwenye ripoti iliyopelekwa upande wa utetezi. Kwa bahati njema, sheria ya jimbo hilo inaupa utetezi haki ya kufunguliwa jalada zima la mashtaka. Wakili Brad Bannon alijifunza sayansi ya vinasaba mwenyewe, akapekua karibu kurasa 2,000 za takwimu za maabara, akayaibua. Desemba 15, 2006, mkuu wa maabara, Brian Meehan, alikiri mahakamani kuwa yeye na Nifong walikubaliana kutoyaweka kwenye ripoti.

Nifong wakati ule alikuwa akigombea uchaguzi, na kura za mchujo wa chama zilipigwa Mei 2. Alihojiwa na vyombo vya habari mara nyingi, akiwatangazia wapiga kura kwamba ubakaji umetokea. Chuo nacho hakikusubiri. Aprili 5, kabla mchezaji yeyote hajashtakiwa, kocha Mike Pressler alilazimika kujiuzulu na michezo iliyobaki ya msimu ikafutwa.

Umma ulikuwa na sababu za kuamini upesi. Mlalamikaji alikuwa mwanamke mweusi, washtakiwa vijana weupe wa familia zenye uwezo, katika eneo ambako kwa vizazi vingi malalamiko ya wanawake weusi yalipuuzwa. Sherehe yenyewe ilikuwa ya aibu, na maneno ya kibaguzi yalitamkwa. Lakini tabia mbaya si ushahidi wa ubakaji, na dhuluma ya historia hailipwi kwa kumfunga asiyehusika.

Juni 2007 Nifong alifutwa uwakili, na baadaye akafungwa siku moja kwa kudharau mahakama. Desemba 2024 mlalamikaji mwenyewe alikiri hadharani kuwa alisema uongo.

Wapo wanaodhani kutetea haki ya mtuhumiwa ni kumgeuzia mgongo aliyebakwa. Sivyo. Mwathirika wa kweli anahitaji uchunguzi wa haraka na makini, utambuzi usiopangwa na vipimo visivyofichwa, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyomfunga mbakaji bila rufani kumtoa. Kila kesi ya uongo inayoshabikiwa inampa mkosaji wa kesho utetezi wa bure.

Lisemwalo lipo, husema wahenga. Mahakama lazima iulize lipo wapi na nani amelithibitisha. Nasi tufanye hivyo. Ukiona jina la mwanafunzi likisambazwa kwenye simu kwa tuhuma yoyote, mlalamikaji asikilizwe na apewe msaada, polisi wafanye kazi yao, na wewe usilisambaze.