Mvinyo wa Dodoma wangoja mlaji

Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mlaji wa Dar yuko mwendo wa saa nne hivi kutoka mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Bihawana.

Jumamosi hufika mnada wa Msalato, akachagua nyama ya mbuzi na kuchomewa papo hapo. Wenyeji humwonjesha ugali wa uwele kwa mlenda. Chupa iliyozoeleka mezani, hata hivyo, ni bia.

Hapo ndipo mkulima anapoumia. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini zabibu ikishaiva haingoji. Viwanda vikijaa, bei huanguka na zao huozea shambani. Anayekamua na kuuza mchuzi wa zabibu ana nafuu, maana huhifadhika kwenye matangi.

Mwenye mtaji mdogo si lazima ajenge kiwanda. Leseni ya vileo, kivuli kando ya shamba, jiko la mkaa na mvinyo mwekundu wa Makutupora uliopozwa (chupa ikiachwa juani Dodoma huharibika kabla mgeni hajafika) vinatosha kuanzia. Mavuno ni Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba.