Wiki nane za mwanafunzi redioni: Anajifunza nini, na nani anamlipia nauli?

KILA inapokaribia Julai, wanafunzi wa uandishi wa habari huanza kuonekana kwenye mapokezi ya vituo vya redio na televisheni jijini Dar es Salaam, kila mmoja akiwa na bahasha yenye barua ya utambulisho kutoka chuoni kwake.

Wanachoomba si ajira. Wanaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe wamezoea kuyaita fildi. Kwa kawaida mafunzo hayo huchukua wiki nane hivi, na alama zake huingizwa katika matokeo ya mwanafunzi.

Miongoni mwa milango inayobishwa ni ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), chombo cha umma chenye televisheni ya TBC1 na redio za TBC Taifa na TBC FM.

TBC ilianzishwa mwaka 2007 kuchukua nafasi ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), ambayo nayo iliunganisha Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) na Televisheni ya Taifa (TVT). Mizizi ya redio hiyo inarudi nyuma hadi mwaka 1951, ilipoanza matangazo ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam.

Historia hiyo ni sehemu ya mvuto wake kwa vijana. RTD ndiko alikoanzia kazi Tido Mhando, ambaye baadaye aliongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kabla ya kurejea nyumbani na kuwa Mkurugenzi Mkuu wa TBC. Wapo wengine wengi waliotokea hapo na sauti zao zikajulikana Afrika Mashariki nzima.

Hata hivyo, jina kubwa la kituo peke yake halimfundishi mwanafunzi. Wiki nane zinaweza kumjenga, na zinaweza pia kumfundisha tabia mbaya za kazi kabla hajazijua zilizo njema. Tofauti hutokana na mambo matatu: msimamizi, kazi halisi na nauli.

Kinachofanyika ndani

Siku za mwanzo mwanafunzi huwekwa kwenye chumba cha habari, akiangalia jinsi mhariri wa zamu anavyopokea taarifa kutoka mikoani, anavyozichuja na kupanga ipi itangulie katika taarifa ya habari.

Baadaye huenda nje pamoja na mwandishi mzoefu. Hubeba kinasa sauti, husikiliza maswali yanavyoulizwa, na wakirejea ofisini hupewa jukumu la kuchagua kipande kifupi cha sauti kinachobeba uzito wa habari yenyewe.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba uandishi wa redio si ule wa gazetini. Msomaji wa gazeti akipotea katikati ya sentensi hurudi nyuma akasoma tena. Msikilizaji hana nafasi hiyo. Sentensi inapaswa kuwa fupi, cheo kitangulie jina, na tarakimu zirahisishwe. Shilingi bilioni 3.47 za kwenye karatasi ya waziri, redioni zinaweza kuwa karibu bilioni tatu na nusu.

Aidha, lipo suala la lugha. Wasikilizaji wengi huichukulia redio ya taifa kama kipimo cha Kiswahili fasaha, na hawakawii kulalamika mtangazaji anaposema "masaa" badala ya saa, au anapopotosha upatanisho wa ngeli. Mwanafunzi aliyezoea kuchanganya lugha mtaani hulazimika kujirekebisha mapema.

Kituo cha umma chenye umri huo kina hazina nyingine ambayo kituo kipya hakiwezi kuinunua, nayo ni maktaba ya kanda. Hotuba za Mwalimu Julius Nyerere zilizorekodiwa na RTD ndizo zilizowezesha kipindi cha Wosia wa Baba, kilichoendelea kuwasikilizisha Watanzania sauti yake baada ya kifo chake mwaka 1999. Mwanafunzi anayefundishwa kutafuta kanda, kuhakiki tarehe yake na kuitumia bila kupotosha maana hupata ujuzi ambao darasani husikika kwa jina tu.

Kwa nini hapewi kipaza sauti

Malalamiko ya kawaida ya wanafunzi ni kwamba wanamaliza wiki zote nane bila kusikika hewani. Sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko uchoyo.

Maudhui ya redio na televisheni husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Neno la kashfa likitamkwa katika kipindi cha moja kwa moja, anayeitwa kujieleza ni mwenye leseni, yaani kituo, hata kama aliyelitamka ni mwanafunzi wa wiki ya tatu.

Ndiyo maana msimamizi makini humwanzishia mwanafunzi kwenye kazi zinazorekodiwa, ambazo mhariri huzisikiliza kwanza. Habari aliyoiandika ikisomwa na mtangazaji mwingine bado ni kazi yake, na inafaa kuingizwa katika kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ambacho msimamizi hukitia saini na mhadhiri hukikagua anapomtembelea.

Tatizo huja pale msimamizi anapokosekana. Mwanafunzi hugeuka mtu wa kutoa nakala na kufuata chai. Au, kinyume chake, hubebeshwa zamu ya mwandishi kamili bila malipo na bila mtu wa kumsahihisha. Katika hali zote mbili kitabu hujaa saini, lakini mafunzo hayapo.

Nauli na bahasha nyingine

Suala lisilozungumzwa vya kutosha ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina kipengele cha mkopo kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa Sh10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, sawa na Sh560,000 kwa kipindi chote.

Si kila mwanafunzi hupata mkopo huo, na anayeupata atalazimika kuurejesha. Anayetoka Mwanza au Iringa na kufanya mafunzo Dar es Salaam hutegemea ndugu wa kumpa mahali pa kulala, kisha huhesabu nauli ya daladala asubuhi na jioni pamoja na chakula cha mchana.

Mwanafunzi wa namna hiyo anapotumwa kwenye semina au mkutano na waandishi wa habari, hukutana na bahasha ya aina nyingine: posho inayogawiwa na waandaaji baada ya kazi. Kwa mtu asiye na nauli ya kurudia, kukataa si jambo jepesi.

Maadili ya taaluma yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania (MCT), chombo kilichoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, yanamkataza mwandishi kupokea hongo au kishawishi. Lakini mwanafunzi huiga anachokiona zaidi ya anachokisoma. Akizoea katika wiki yake ya pili kwamba aliyemwalika ndiye anayemrudisha nyumbani, atakapoajiriwa atakuwa na kazi ngumu ya kumuuliza mwenyeji huyo swali asilolipenda.

Kwa chombo cha umma uzito ni mkubwa zaidi, kwa kuwa kinaendeshwa kwa fedha za walipakodi wa vyama vyote na wasio na chama. Kumpa mwanafunzi usafiri wa kituo, au angalau nauli ya kwenda na kurudi anapotumwa, ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara ya kumlea mwandishi mwenye deni kwa kila anayemhoji.

Sheria imebadili hesabu

Zamani kijana mwenye sauti nzuri angeweza kuingia studioni na kujifunzia humo humo. Njia hiyo sasa imebanwa. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa ithibati kwa wanahabari, na kanuni zake za mwaka 2017 zikataja stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu.

Lengo lililoelezwa ni kuinua taaluma na kuondoa wale wanaoitwa makanjanja. Matokeo yake mengine ni kwamba chuo kimekuwa lango la lazima, na mafunzo kwa vitendo yamekuwa sehemu ambayo anayetaka kazi hiyo hukutana kwa mara ya kwanza na saa ya kurusha habari, ambayo haimsubiri mtu.

Ni vyema pia kutofautisha mafunzo hayo na utarajali. Mafunzo kwa vitendo ni ya mtu ambaye bado yuko chuoni, ilhali utarajali ni wa aliyekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu ili aajirike.

Kwa mzazi au mwanafunzi anayesubiri jibu la barua yake, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kukubali nafasi: Nani hasa atakuwa msimamizi? Ni kazi zipi zitakazopitia mikononi mwa mwanafunzi? Na akitumwa nje, nani atalipa nauli?

Kituo chenye majibu ya maswali hayo kinafaa kupendelewa hata kama jina lake ni dogo. Kisicho na majibu, hata kikisikika nchi nzima, kitamrudisha mwanafunzi chuoni na kitabu kilichosainiwa na kidogo sana cha kusimulia.