Biskuti ya Waskoti juu ya Mbabula ya Katuba

Unga wa ngano, siagi, sukari. Basi. Hakuna yai, hakuna hamira, hata tone la maji halitiwi. Hiyo ndiyo shotibredi, biskuti ya Waskoti. Mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, akisikia hivyo atauliza: sasa ugumu uko wapi?

Ugumu uko mkononi. Kipimo cha zamani ni sukari fungu moja, siagi mawili, unga matatu. Tuseme gramu 100, 200 na 300. Siagi husuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole hadi donge lishikamane lenyewe. Mkono uliozoea kusonga bukari hapa lazima ujizuie, maana unga wa ngano ukikandwa sana hunata na biskuti hutoka ngumu. Mafuta ya siagi hufunika chembe za unga zisikamatane, ndiyo maana shotibredi humumunyika mdomoni. Margarini itasaidia, lakini penye vitu vitatu tu, kilichopungua hujulikana mara moja.

Umeme ukikatika, mbabula ya makala ipo. Tandaza donge ndani ya sufuria bapa, unene wa kidole, ulichome kwa uma ili mvuke upate pa kutokea. Makala machache chini, mengi zaidi juu ya kifuniko. Usiharakishe: biskuti hii haitaki kubabuka. Ibaki manjano hafifu, kingo tu zikianza kuiva rangi. Ikate ingali moto. Ikipoa itavunjika ovyo.

Kisha ije raha ya ladha. Ganda la ndimu lililokwaruzwa huupunguza uzito wa siagi. Tangawizi ya unga huacha moto mdogo kooni, na Waskoti nao huipenda. Karanga za kukaanga, zikitwangwa nusunusu, hutoa mlio kwenye meno. Ukitaka iliki, waulize watu wa Zanzibar: vileja vyao vya sikukuu, vya unga wa mchele na samli, ni jamaa wa karibu wa biskuti hii. Hata Waskoti wengine huchanganya unga wa mchele kidogo ili ikwaruze ulimi.

Kwao shotibredi ni ya Bonane na ya harusi. Visiwani Shetland ilikuwa desturi kuvunja mkate wa namna hii juu ya kichwa cha bibi harusi anapoingia nyumbani.

Na Waskoti si wageni Katanga. Frederick Stanley Arnot, mmisionari mzaliwa wa Glasgow, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Robert Williams wa Aberdeen alianzisha Tanganyika Concessions mwaka 1899, kampuni iliyoshiriki kuunda Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, mwaka 1906. Hao walifuata roho za watu na shaba. Mapishi yao tunaweza kuyachukua bila mkataba.

Tena kuna hesabu ya biashara. Vitumbula vya asubuhi visipouzwa leo, kesho ni hasara. Shotibredi, kwa kuwa ni kavu, hukaa wiki kadhaa ndani ya kopo lililofungwa vizuri. Siagi ni ghali, kweli, lakini mwenye kuuza anaweza kuanza na sufuria moja, akate vipande vidogo, na kumngoja mteja bila wasiwasi.