Andalio la somo kwanza, kompyuta baadaye



Sisi tunaofundisha Kiswahili huku ughaibuni, iwe chuoni au darasa la Jumamosi la watoto wetu, tunaulizwa sana: "Mwalimu, vifaa vimejaa tele mtandaoni, andalio la somo la nini tena?" Mie nasema vikijaa ndipo andalio linapohitajika zaidi. Tuchukue somo moja tu, la kusoma saa.

Naanza na lengo, kwa sentensi moja: baada ya dakika 60 mwanafunzi aweze kupanga miadi na mtu aliye nyumbani. Halafu najiuliza, nitajuaje kama ameweza? Jibu lake ndiyo tathmini: wawili wawili wapigiane simu za kuigiza. Zana natafuta mwisho.

Sasa ukizitafuta, utakuta kadi na michezo chungu nzima iliyotengenezwa kwa Kiingereza, kisha maneno yakageuzwa tu. Saa inaonyesha 7:00, chini imeandikwa "saa saba". Jamani! Hiyo ni saa moja. Mtoto akimwambia bibi yake wa Tanga kuwa Jumapili atapiga simu saa saba, bibi atakaa na simu mkononi mchana kutwa, angoje weee. Simu ije kulia saa moja usiku, bibi keshavunjika moyo, na mjukuu hajui alichokosea.

Kadi hiyo siitupi, nairekebisha. Picha nabakisha, maneno nafuta. Tena naongeza sababu, maana bila sababu mtoto atakariri "toa sita, ongeza sita" na kesho amesahau. Saa ya Kiswahili inafuata jua. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Muda wa saa moja ukipita, ndiyo saa moja asubuhi. Mtoto wa London atalionaje hilo? Mwishoni mwa Desemba jua lake linatoka baada ya saa mbili asubuhi, na Juni kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Basi kabla ya kadi naonyesha picha mbili za mapambazuko, ya Dar na ya London. Hapo wanaelewa.

Kuna na suala la ruhusa. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili zenye leseni ya Creative Commons. Unaweza kuifupisha hadithi ilingane na kiwango cha darasa lako, mradi uwataje wenyewe. TESSA, mpango wa Open University ya Uingereza, nao una vifaa vya walimu kwa Kiswahili vilivyokusudiwa kurekebishwa. Lakini leseni yenye herufi ND haikuruhusu kusambaza ulichobadilisha, kwa hiyo tazama kabla hujakata.

Mwisho, chapa nakala za karatasi. Intaneti ikikatika, somo liendelee. Na darasa likiisha, andika pembeni mwa andalio palipokwama, ili mwakani usianze upya.

Wenzangu, huko mliko somo la saa mnalifundishaje? Nawasilisha.