Adabu za Karakana ya Ufinyanzi

Wanafunzi wapya waingiapo karakana yetu ya ufinyanzi hudhani kwamba masharti yaliyobandikwa mlangoni ni ukali wa mwalimu tu. Wenzangu wameniomba nieleze sababu zake, nami nakubali kwa furaha, maana hakuna sharti lililoandikwa pale kabla chombo cha mtu hakijavunjika.

Ufinyanzi si jambo geni hapa. Vijijini akina mama wa Kichewa hufinyanga kwa mikono mtungi wa maji uitwao mtsuko, wakauchoma uwanjani kwa kuni. Kaskazini, ufukoni mwa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, wanawake wa Kikisi wamesifika kwa kazi hiyo hiyo, na vyungu vyao huuzwa Matema. Mama achomaye chungu chake peke yake, kikipasuka hasara ni yake. Sisi tu watu 40 na tanuri ni moja. Kosa langu laweza kuvunja kazi yako, na hiyo ndiyo asili ya adabu zote za karakana.

Udongo uonekanao mkavu aghalabu ungali na maji ndani, hasa penye kitako kinene. Joto lipitapo digrii 100 maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi mara 1,600 hivi kuliko maji. Usipopata njia hupasua chombo kwa kishindo, vipande vikarukia majirani. Wengi husema kipasuacho ni hewa iliyofungika. Sivyo, hewa ndani ya udongo mkavu kabisa haina nguvu hiyo. Kupima ni rahisi: weka chombo shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji, nacho hurudi rafuni hata kama muhula unakwisha.

Muhula uliopita mmoja wetu hakutaka kungoja. Kuni ni adimu, twachoma mara moja tu kwa mwezi, basi akauingiza mtungi wake vivyo hivyo. Mwenzetu wa kidato cha pili, ambaye kwao ni Dzaleka, alikuwa na vikombe 12 humo, avipeleke sokoni Mponela apate fedha za madaftari. Vilitoka vizima 3. Mwenye mtungi aliomba radhi, akafinyanga vingine 9 jioni baada ya masomo, na tangu hapo imekuwa desturi kwamba avunjaye hulipa kwa kazi. Lakini madaftari yalitakiwa mwezi ule, si mwezi wa pili yake.

Chombo kikavu kisichochomwa ni dhaifu mno. Usikiinue kwa mdomo wala kwa mkono wa kikombe. Kikivunjika mkononi mwako, sema siku ile ile, kwa sababu kabla ya moto vipande vyaweza kulowekwa vikawa udongo tena. Joto likishapita digrii 600 hivi udongo hauwezi kurudi ulivyokuwa. Kilichobaki ni gae. Afichaye vipande nyuma ya rafu amemwibia mwenzake udongo, na siku pia.

Kufagia kwa ufagio mkavu kumekatazwa. Vumbi la udongo lina chembe za silika, nazo zikivutwa miaka mingi huharibu mapafu. Sakafu hufutwa kwa kitambaa cha maji, ingawa walio zamu hunung'unika. Maji ya kunawia hayamwagwi mferejini, yataziba. Huachwa katika ndoo hadi kesho, ya juu yakaenda bustanini na tope likarudi pipani.

Tena, tanuri halifunguliwi kwa hamu ya kutazama! Chembe za mchanga zilizomo katika udongo hubadilika ukubwa ghafula kwenye digrii 573, moto ukipanda na ukishuka pia. Baridi ikiingia wakati huo, vyombo hufanya ufa. Kwa hiyo aliye zamu haondoi tofali hata moja mpaka ukuta wa tanuri ushikike kwa mkono.

Wanafunzi wa zamani walioko Lilongwe wameuliza kama nao waweza kuchoma kwetu. Waweza, ila vyombo vifike siku 10 kabla, viwe na alama ya mwenyewe kitakoni, na kila mmoja aje na kuni zake.