Simu ilivyokula 180,000 ya floti yangu, na ninavyoibana sasa hivi

Leo siongelei bei ya sukari wala mafuta ya kupima. Naongelea hiyo simu uliyoishika hapo, na muda unaokupotelea humo wakati duka liko wazi.

Mimi nina duka la rejareja na uwakala hapa Mwanza, fremu moja, mwaka wa nne huu. Shule niliishia form four, biashara nimejifunza kwa kula hasara. Mwaka jana mwezi wa nane alikuja kijana na bodaboda, akasema, "Kaka niwekee elfu ishirini, namba hii." Mkono unabonyeza, macho yako kwenye klipu za usajili wa Simba na Yanga. Nikaandika 200,000 badala ya 20,000, nikaweka namba ya siri, ikaenda. Akanipa elfu ishirini yake, akaondoka. Nimekuja kugundua jioni nikihesabu floti. Napiga, simu haipatikani. Napiga huduma kwa wateja, naambiwa hela ilishatolewa.

Na hela yenyewe haikuwa yangu. Mama alikuwa amenikopea 300,000 kwenye kikoba chao ili nikuze floti. Rejesho la mwezi ule alilipa yeye, kwa hela ya mahindi aliyoyatunza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa baba," akaendelea kupepeta mchele. Wadau, bora angenitukana.

Baada ya hapo nikachukua daftari la zamani, nikawa kila nikishika simu bila sababu ya biashara nachora kistari. Siku ya kwanza mpaka saa nane mchana vilishafika 61, nikachoka kuchora. Kesho yake nikaongeza kitu kimoja: pembeni ya kistari naandika nini kilitokea kabla sijaishika. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote. "Mteja kauliza bei kaondoka." "Mwenye fremu kapita." "Fulani ninayemdai kapita upande wa pili kajifanya hanioni." Vistari vingi vilikuwa hivyo. Kumbe zile video sikuwa nazipenda kiasi hicho. Nilikuwa nalikimbia daftari la madeni. Moyo ukiuma kidogo tu, mkono unaenda wenyewe mfukoni.

Sisi wa madukani tuko kwenye hatari kuliko mtu wa ofisini, naona mimi. Asubuhi wateja, jioni wateja, lakini saa nne mpaka saa tisa hapo katikati umekaa kwenye kiti cha plastiki na mawazo yako. Hakuna bosi wa kukuuliza. Simu inakuwa ndiyo rafiki.

Halafu tuelewane, huu siyo uzembe wako peke yako. Hizi programu zimetengenezwa zisikuachie. Zamani ukifika mwisho wa ukurasa ulikuwa unabonyeza ili uende ukurasa wa pili, na pale unapata nafasi ya kujiuliza kama unaendelea. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, akabuni ule mtindo wa ukurasa usiokwisha, unaosukuma kwa kidole tu vitu vinakuja. Yeye mwenyewe baadaye alikuja kusema hadharani kwamba anaujutia. Ni kama ule wali kwenye shughuli ambao mtu anakuongezea kabla sahani haijaisha, utajuaje umeshiba?

Kitu cha pili ni ile bahati nasibu. Zamani huko Marekani mwanasaikolojia B. F. Skinner alifanya majaribio na panya na njiwa. Mnyama akipata chakula bila kujua ni mara ya ngapi kitatoka, alibonyeza kwa ung'ang'anizi kuliko aliyekuwa anapewa kwa hesabu inayoeleweka. Ndiyo maana zile mashine za kamari za kutumbukiza mia mbili mia mbili hazimwachi mtu. Na ndiyo maana unapita video tisa za kijinga, ya kumi inakuchekesha, unaenda tena kutafuta nyingine kama ile. Ingekuwa zote ni tamu ungekinai mapema.

Je, ni ugonjwa? Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika 2022, na humo wameingiza uraibu wa magemu. Kuskroli kwenyewe hawajakuandika kwa jina. Ila dalili tatu walizoweka kwenye magemu mimi nilijipima nazo: unashindwa kujizuia, kile kitu kinatangulia mambo mengine yote, na unaendelea hata ukiona kinakuumiza. Wao wanaangalia hali iliyodumu kama mwaka hivi, siyo wiki mbili za Kombe la Dunia. Mimi zote tatu nilikuwa nazo. Usiku nalala saa nane, asubuhi nafungua saa mbili. Sasa wale wateja wa saa 12 asubuhi, mkate, majani, sukari ya robo, wote walishahamia kwa jirani. Na mteja wa asubuhi ukimpoteza, na jioni anapita huko huko.

Bando nalo. Nilikuwa najiunga la elfu moja asubuhi, jioni limeisha naongeza la elfu moja. Piga hesabu kwa mwezi: 60,000. Kodi ya fremu yangu ni 70,000. Nilikuwa nalipa fremu mbili, moja sina funguo zake.

Wapo watakaokwambia futa kila kitu. Huyo hana duka. Mimi oda za jumla naziweka WhatsApp, wateja wangu wa gesi wanaona status. Siwezi kufuta. Nilichofanya ni kutenganisha. Nilinunua kitochi cha batani, laini ya uwakala nikaihamishia huko. Menyu ya kuweka na kutoa inafanya kazi vile vile kwenye kitochi, haihitaji intaneti. Kwenye meza kinakaa kitochi tu. Simu janja iko ndani ya droo, data imezimwa, naitoa saa nne, saa saba na saa kumi na moja, robo saa, najibu oda narudisha. Nikaandika kwenye status: "Haraka piga, meseji najibu saa hizi." Niliogopa nitapoteza wateja. Mpaka leo hakuna aliyelalamika, wanapiga.

Arifa nilizima zote isipokuwa za kupigiwa na WhatsApp. Magrupu 23 nikatoka 17, la ukoo nikalinyamazisha tu maana ukitoka kule ni kesi. Kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android kuna kitu kinaitwa Digital Wellbeing, kinakuonyesha saa ulizotumia kwa kila programu na unaweza kukiwekea kikomo. Kinasaidia kiasi. Kikomo unachoweka mwenyewe unakitoa mwenyewe, na mimi nilikitoa siku ya tatu.

Kilichonisaidia zaidi ni kuzijaza zile saa za mchana. Kila siku saa nne nafunga sukari robo robo na nusu nusu, napanga shelfu moja, halafu nafungua daftari la madeni nampigia mtu mmoja. Mmoja tu. Mwanzoni nilikuwa natetemeka kama mimi ndiye ninayedaiwa. Mwezi wa kwanza zilirudi 46,000. Na deni likishaongelewa, hata ile hamu ya kukimbilia simu inapungua, nimeiona kwenye vistari.

Usiku simu inalala dukani. Nilinunua saa ya mezani ya kengele, elfu nane, maana kisingizio changu kilikuwa alarm. Siku nne za kwanza sikulala vizuri, nahisi simu inatetemeka wakati haipo chumbani. Zilipita.

Sijapona. Jumapili nikifunga duka nakula video masaa matatu, na mwezi uliopita nilirudia siku mbili nzima baada ya kugombana na mtu wa duka la jumla. Nikarudisha simu kwenye droo, basi. Ila kama wewe shida yako ni kubeti kwenye simu na unachota mtaji, hiyo ni kubwa kuliko haya ya kwangu, usihangaike na droo. Mwambie mtu wa nyumbani akushikie hela, uende hospitali uulizie mtaalamu wa afya ya akili. Hawachekani huko.

Mama nilimaliza kumrudishia mwezi wa pili mwaka huu. Alizihesabu mara mbili, akauliza kama sasa nafungua mapema. Nikamwambia saa 12. Kesho yake saa 12 na dakika tano akamtuma mdogo wangu kununua kiberiti.