Fahamu: Goti linauma, kumbe ni nyonga

Kijana wa miaka 12 kule Kengeja akianza kuchechemea na kulalamikia goti, msiishie kulichua. Mguu ukipinda kwa nje, huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye gegedu la ukuaji. Asiukanyage tena; abebwe hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, nyonga zote mbili zipigwe eksirei.

Mara nyingi chanzo ni uzito mkubwa. Ila mtoto akiwa mwembamba, mfupi kuliko wenzake au hajafika miaka 10, tafadhali ombeni homoni zipimwe: tezi ya thairoidi ikizorota, au homoni ya ukuaji ikipungua, gegedu hilo hudhoofika. Mfupa hufungwa skrubu, lakini homoni zisipotibiwa, nyonga ya pili nayo huweza kuteleza.